Mzazi Huweka Sahihi, Mtoto Hulipa: Historia ya Deni na Sanduku la Lévis



Mwezi huu tunapenda kutafakari pamoja nanyi juu ya jambo linalosemwa kwa sauti ya chini katika nyumba nyingi, yaani deni. Hatuzungumzii madeni ya serikali wala ya makampuni ya migodi. Tunazungumzia deni la unga na sabuni lililoandikwa katika daftari la mwenye duka, deni la minervali, deni la dawa, deni la kilio, deni la harusi, na ule mkopo wa mtaani ambao watu wa miji yetu huuita banque lambert, ambapo mtu hupokea leo kiasi kidogo, na mwisho wa mwezi hutakiwa kurudisha kiasi hicho pamoja na nusu yake, au hata mara mbili yake.

Mtauliza kwa nini tunawaletea ninyi neno hili, wakati wengi wenu hamjaoa wala kuolewa. Jibu letu ni kwamba nyumba nyingi huingia deni siku ileile zinapofunguliwa. Wazee walisema: kukopa harusi, kulipa matanga. Furaha ya siku moja hulipwa kwa miezi mingi, na mara nyingi ni katika miezi hiyo mtoto wa kwanza huzaliwa. Anayezaliwa hakula nyama ya karamu ile, lakini anakuta bei yake ikimngojea.

Tumechagua njia ya historia kwa sababu historia hutuponya makosa mawili. La kwanza ni kudhani kwamba deni ni ajali ya maskini, kama mvua ya mawe isiyozuilika. La pili ni kudhani kwamba kutoka katika deni ni kazi ya mtu mmoja, ambaye aone aibu peke yake na ahangaike peke yake. Waliotutangulia katika imani waliliona jambo hili kwa namna nyingine.

Watoto huwa rehani ya kwanza

Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4, tunasoma habari za mjane wa mmoja wa wafuasi wa manabii. Mume amekufa akiacha deni, na mdai anakuja kuwachukua wana wawili wa mama huyo wawe watumwa wake. Nabii Elisha hamwambii mama avumilie tu. Anamwuliza ana nini nyumbani. Mama ana mafuta kidogo. Anatumwa kwa majirani aazime vyombo vitupu, tena vingi. Mafuta yanavijaza vyote. Kisha nabii anampa agizo lenye sehemu mbili: auze mafuta alipe deni, na yeye na wanawe waishi kwa kile kitakachobaki. Muujiza ni wa Mungu, lakini utaratibu wake unafaa kila nyumba: kujua kwanza kilichomo ndani, kuwashirikisha majirani, kulipa deni kabla ya mengine, kisha kuishi na watoto kwa kadiri ya kilichobaki.

Nehemia, sura ya 5, anatupeleka Yerusalemu katika karne ya tano kabla ya Kristo, wakati ukuta wa mji unajengwa upya. Watu wanalia kwamba wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba zao ili wapate nafaka wakati wa njaa. Wengine wamekopa ili walipe kodi ya mfalme. Na baadhi ya binti zao wamekwisha kutiwa utumwani. Nehemia hawakemei wenye njaa. Anawakemea wakubwa waliowakopesha ndugu zao kwa riba, na kuwataka warudishe mashamba na nyumba siku ileile.

Nasi Waafrika tunayo kumbukumbu yetu. Katika jamii nyingi za Afrika ya Kati za zamani, ukoo uliolemewa na deni uliweza kumtoa mtoto, mara nyingi msichana, akae kwa mdai kama rehani hadi deni litakapolipwa. Wako ambao hawakurudi kwao kamwe.

Siku hizi mdai hamshiki mtoto mkono na kwenda naye. Hata hivyo, tukitazama kwa makini, mtoto bado ndiye rehani. Ndiye anayerudishwa nyumbani kwa sababu ya fedha za shule. Ndiye anayekula mara moja kwa siku. Ndiye anayetumwa kuuza maandazi barabarani saa ya masomo. Mzazi huweka sahihi, mtoto hulipa. Hilo ndilo neno tunalotaka mlishike katika yote yatakayofuata.

Mlima wa huruma na mipaka yake

Kwa karne nyingi Kanisa lilikataza riba. Katazo hilo lilikuwa la haki, lakini peke yake halikumpa maskini mkate wa kesho. Ndiyo sababu, katika Italia ya karne ya 15, Wafransisko walianza kusimamisha mfuko ulioitwa monte di pietà, yaani mlima wa huruma. Neno mlima hapa lilimaanisha rundo la fedha zilizokusanywa kwa sadaka na michango. Mojawapo ya milima ya kwanza ilisimamishwa katika mji wa Perugia mwaka 1462. Maskini alileta nguo, chungu au chombo cha kazi, akapewa mkopo mdogo, naye alipourudisha alirudishiwa kitu chake.

Mara likazuka swali: je, ni halali kumtoza mkopaji malipo kidogo kwa ajili ya gharama za waandishi na walinzi? Wengine walisema hiyo ni riba tupu. Wengine walijibu kwamba mlima usiolipa gharama zake utaisha kama chumvi majini, na maskini wa mwaka ujao hatakuta kitu. Mtaguso wa Tano wa Laterano, mwaka 1515, chini ya Papa Leo wa X, ulikubali kwamba malipo ya wastani ya kulinda mfuko si riba iliyokatazwa. Tunajifunza kwamba huruma nayo inahitaji hesabu.

Haifai kuficha kivuli cha historia hiyo. Baadhi ya wahubiri wa milima ya huruma waliwachochea Wakristo wawachukie Wayahudi waliokuwa wakikopesha mijini, na chuki hiyo ilizaa maumivu makubwa. Kanisa limekana wazi chuki ya namna hiyo, hasa katika tamko Nostra Aetate la mwaka 1965. Nasi tuonywe: deni halimalizwi kwa kuchukia kabila au taifa la mwenye duka.

Mlima wa huruma ulikuwa na mpaka mwingine pia. Ulimsaidia aliyekuwa na kitu cha kuweka rehani, lakini haukumfundisha kuweka akiba, wala haukumfanya kuwa mmoja wa wenye mfuko. Hatua hiyo ilikuja baadaye, nayo ilikuja kwanza kwa mikono ya ndugu zetu Waprotestanti. Friedrich Wilhelm Raiffeisen, meya wa vijiji nchini Ujerumani, aliona njaa ya miaka ya 1846 na 1847 ikiwatupa wakulima mikononi mwa wakopeshaji. Alianza kwa kugawa mkate. Kisha akatambua kwamba sadaka ya matajiri haidumu, na mwaka 1864 akaanzisha huko Heddesdorf chama ambamo wakulima wenyewe walikuwa wenye akiba na wakopaji kwa wakati mmoja. Mwaka 1891, Papa Leo wa XIII, katika barua yake Rerum Novarum, aliitaja riba ya ulafi kuwa miongoni mwa maovu yanayowatesa wafanyakazi, na akahimiza vyama vya kusaidiana. Wazo la meya Mjerumani na sauti ya Papa zilikutana ng'ambo ya bahari, katika mji mdogo wa Kanada uitwao Lévis.

Senti 10 za kwanza

Lévis hutazamana na mji wa Québec, na kati yao hupita mto mkubwa Saint-Laurent. Mwishoni mwa karne ya 19, Wakanada wa lugha ya Kifaransa, ambao karibu wote walikuwa Wakatoliki, walikuwa na familia kubwa na mapato madogo. Banki za wakati huo hazikujali akiba ya senti wala mkopo wa mkulima mdogo. Aliyepatwa na shida alikwenda kwa mkopeshaji au alihama. Kati ya mwaka 1840 na 1930, watu wapatao 900,000 waliondoka kwenda Marekani, na wengi wao wakaingia katika viwanda vya nguo. Parokia zilikuwa zikiwabatiza watoto na kuwaona wakiondoka wangali vijana.

Alphonse Desjardins alizaliwa Lévis mwaka 1854, akiwa mtoto wa nane kati ya kumi na watano. Mama yake alifanya kazi katika nyumba za majirani ili watoto wapate kula. Mwaka 1879 Alphonse alimwoa Dorimène Roy, nao wakazaa watoto kumi, ingawa si wote walioishi hadi utu uzima. Mwaka 1892 alipata kazi Ottawa, kuandika kwa hati mkato hotuba za Kifaransa katika Bunge la Kanada. Hakuwa tajiri, wala padri, wala mtaalamu wa uchumi. Kazi yake ilikuwa kusikiliza na kuandika.

Mwezi wa Aprili 1897, mbunge Michael Quinn wa Montréal alisimama kudai sheria dhidi ya riba. Alitoa mfano wa mtu aliyekopa dola 150, naye akaja kudaiwa riba ya dola 5,000. Desjardins aliandika maneno hayo kama alivyoandika mengine, lakini hayo hayakumtoka moyoni. Alianza kusoma, kisha akaandika barua kwa Henry Wolff, Mwingereza aliyetunga kitabu juu ya banki za watu wa kawaida, na kwa Luigi Luzzatti wa Italia, na kwa wengine wa Ulaya, akiuliza maswali ya vitendo: nani aingie, nani akopeshwe, nani akague hesabu? Tafiti hizo zilichukua miaka mitatu. Wema usiojifunza hauendi mbali.

Tarehe 6 Desemba 1900, watu wa Lévis walikutana wakaunda chama walichokiita caisse populaire, yaani sanduku la watu. Tarehe 23 Januari 1901 sanduku lilifunguliwa kupokea fedha. Akiba ya kwanza kabisa ilikuwa senti 10. Jumla ya siku hiyo ilikuwa dola 26 na senti 40. Wapo watu walioona kiasi hicho ni mchezo wa watoto.

Kanuni zilikuwa chache na wazi. Kila mwanachama alinunua hisa ya dola 5, na aliruhusiwa kuilipa kidogo kidogo. Kila mtu alikuwa na kura moja, awe na hisa moja au nyingi. Mkopo ulitolewa kwa mwanachama tu, naye alipaswa kueleza fedha hizo ni za nini. Kamati moja iliamua juu ya mikopo, na kamati nyingine ilikagua hesabu, ili mtu asijihukumu mwenyewe. Mpaka wa sanduku ulikuwa parokia, kwa sababu katika parokia watu wanafahamiana: wanajua nani ni mwaminifu, nani anapenda kazi, nani ana mgonjwa nyumbani. Mahali ambapo banki ilidai hati ya nyumba, sanduku liliuliza habari za tabia. Kwa njia hiyo jina jema la maskini likawa na thamani ya fedha.

Mama aliyeshika funguo

Vitabu vingi humtaja Alphonse. Lakini Bunge lilipokuwa na vikao, yeye alikuwa Ottawa, mbali na nyumbani, na sanduku halikuweza kungoja. Katika miaka ile ya mwanzo, kazi ya kila siku ilifanyika katika nyumba ya familia, na aliyeiendesha ni Dorimène. Ndiye aliyepokea senti za majirani, akaandika katika vitabu, akalinda fedha, na huku akiwalea watoto kwa mshahara mmoja wa karani. Tangu mwaka 1903 hadi 1906 alitambuliwa kuwa msimamizi wa sanduku, ijapokuwa sheria ya Québec ya wakati huo haikumpa mwanamke aliyeolewa uwezo kamili wa kufunga mikataba bila mumewe.

Jambo lililomtisha mama huyu si wingi wa kazi. Hadi wakati huo hapakuwa na sheria yoyote iliyotambua chama cha namna hiyo. Kama sanduku lingeanguka, mali ya familia ndiyo ingechukuliwa. Wale waliokuwa wakiwaokoa wengine katika deni walikuwa wameweka watoto wao wenyewe karibu na shimo. Dorimène alimweleza mumewe hofu hiyo bila kuificha, na Alphonse alifikiri hata kuacha. Hofu ya Dorimène ilikuwa ya busara, na ilizaa matunda: juhudi za kupata sheria zilizidishwa, mapadri na askofu mkuu wa Québec waliziunga mkono, na mwezi wa Machi 1906 Bunge la Québec lilipitisha sheria ya vyama vya ushirika. Walipoomba sheria ya nchi nzima, Bunge la Ottawa lilikubali, lakini mwaka 1908 Seneti iliikataa kwa tofauti ya kura moja. Hawakuacha.

Mwaka huohuo wa 1908, Desjardins alisaidia kuanzisha sanduku katika parokia ya Mtakatifu Maria, mjini Manchester katika jimbo la New Hampshire, Marekani, kwa ajili ya wale Wakanada waliohamia viwandani. Mwaka 1913 Papa Pius wa X alimpa heshima ya Kamanda wa Nishani ya Mtakatifu Gregori Mkuu. Alipofariki mwaka 1920, masanduku yalikuwa yamepita mia moja. Dorimène aliendelea kutoa mashauri yaliyoheshimiwa hadi kifo chake mwaka 1932. Yote hayo yalitoka katika senti 10.

Yanayofaa nyumba changa

Tunaona mambo manne ambayo kijana anayejiandaa kwa ndoa aweza kuyachukua kutoka historia hii.

La kwanza ni kuandika. Sanduku la Lévis lilisimama juu ya daftari. Nyumba nayo inahitaji daftari lake, hata kama ni la kurasa chache: kilichoingia, kilichotoka, tunachodaiwa, na nani anatudai. Tuchukue mfano. Mtu amekopa dola 100 kwa riba ya dola 30 kila mwezi, na kila mwezi anafaulu kulipa riba peke yake. Baada ya miezi sita ametoa dola 180, na bado anadaiwa dola 100 zilezile. Asiyeandika hataliona jambo hilo; atasema tu kwamba maisha ni magumu. Anayeandika atajua kwamba deni lenye riba kali ndilo la kulipwa kwanza, na kwamba mkopo mpya wa kulipia mkopo wa zamani hubadili jina la mdai tu.

La pili ni kutofautisha mkopo wa uhai na mkopo wa sifa. Desjardins alitaka kila mkopo uwe na sababu yenye manufaa. Haukutolewa kwa ajili ya anasa. Kukopa ili kununua cherehani, mbegu au bidhaa za kuuza, kwa masharti ya haki, si dhambi wala upumbavu. Kukopa kwa sababu ya macho ya watu ni jambo lingine. Hapa tuseme wazi, kwa kuwa jambo hili liko mlangoni mwa kanisa: wako wazazi wanaokopa ili mtoto wa Komunyo ya Kwanza awe na nguo mpya, viatu vipya na karamu ya wageni hamsini. Ekaristi haiuzwi. Mtoto anayempokea Bwana akiwa na nguo safi ya kuazima hajapungukiwa na kitu. Vikundi vya vijana vingeweza kutunza mavazi ya Komunyo ya parokia, yafuliwe na kutumika mwaka hadi mwaka. Hiyo ni huduma ya kweli kwa maskini.

La tatu ni kwamba kubana matumizi kusiguse mwili wa mtoto. Kuna kubana kwenye hekima na kubana kwenye uovu. Baba anayepunguza bia na kuongeza maharage sahanini anabana kwa hekima. Baba anayeacha bia ilivyo na kupunguza maharage anamrudisha mtoto katika rehani. Mama anayemnyonyesha mtoto maziwa yake pekee kwa miezi sita ya kwanza amempa chakula bora kisichonunuliwa. Kuchemsha maji na kunawa mikono kwa sabuni ni gharama ndogo kuliko dawa za kuhara. Chanjo, chakula na masomo si mahali pa kupunguza. Ndiyo sababu tunapunguza kwingine.

La nne ni ukweli kati ya mume na mke. Alphonse na Dorimène walijadili hofu zao, na majadiliano hayo yaliokoa kazi yao. Deni la siri ndilo hukua haraka. Wachumba wanaoulizana juu ya idadi ya watoto waulizane pia juu ya madeni. Kijana mwanamume asiaibike kusema anadaiwa nini. Msichana asiaibike kuuliza. Na wazazi wa pande zote mbili, wanapopanga mahari na karamu, wakumbuke kwamba fedha watakazolazimisha zikopwe zitatoka katika sahani ya mjukuu wao.

Sanduku letu liko wapi?

Mtu aweza kutuambia: hayo ni ya Kanada, hapa Kongo fedha haikai. Neno hilo lina uzito. Wazazi wetu wanakumbuka Desemba 1979, noti za zaire 5 na 10 zilipofutwa ghafla, na akiba zilizofichwa nyumbani zikawa karatasi. Wanakumbuka miaka ya 1990, bei zilipopanda hata mshahara wa mwezi haukutosha juma moja. Wanakumbuka pia Bindo Promotion ya Kinshasa, iliyoahidi kuzidisha fedha za watu kwa muda mfupi, ikaanguka mwaka 1991 na akiba za familia nyingi. Watu walioumwa na nyoka namna hiyo wana haki ya kuogopa kamba.

Lakini tulinganishe vizuri. Bindo iliahidi faida bila kazi, na aliyeweka fedha hakujua zilikokwenda. Sanduku la Lévis halikuahidi utajiri. Fedha za wanachama zilikopeshwa kwa wanachama wenyewe, na hesabu zilikaguliwa na wenzao. Tofauti hiyo ndiyo kipimo chetu hadi leo. Anayekuahidi mara mbili kwa mwezi mmoja ni ndugu wa yule anayekudai mara mbili kwa mwezi mmoja.

Tena, sisi hatuanzi katika utupu. Tunayo likelemba, ambayo mama zetu sokoni wameilinda kwa uaminifu katika vita na katika amani. Tunavyo vikundi vya kuweka na kukopeshana vya vijijini na mitaani, vyenye sanduku la kufuli tatu na funguo tatu kwa watu watatu. Tunazo coopec, ambazo tangu mwaka 2002 zilipewa sheria yake nchini, na ambazo zinapaswa kuwa na idhini ya Banki Kuu ya Kongo. Kabla ya kupeleka akiba yako, omba kuiona idhini hiyo. Dorimène angeuliza vivyo hivyo.

Hata kiasi kidogo kina nguvu kikiwekwa pamoja. Kikundi cha vijana 30, kila mmoja akiweka franka 1,000 kwa juma, kwa majuma 52 kitakuwa na franka 1,560,000. Fedha hizo hazijengi nyumba. Lakini zinaweza kumtoa mmoja wenu mikononi mwa mkopeshaji wa mtaani, kisha mwingine, kisha mwingine, naye aliyekombolewa akirudisha, anamkomboa mwenzake. Haba na haba hujaza kibaba, na haba ya watu 30 hujaza haraka kuliko haba ya mtu mmoja.

Tusiwahukumu wazazi wanaodaiwa. Wengi walikopa kwa sababu mtoto alikuwa hospitalini, au kwa sababu mshahara wao haukufika. Nehemia anatufundisha nani wa kukemewa. Lakini ninyi, vijana, mna nafasi ambayo wao hawakuwa nayo: mnaweza kuanza kabla ya deni. Mtoto mtakayemleta kwenye kisima cha ubatizo bado hajazaliwa. Mwandalieni nyumba isiyomweka rehani.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Katika mtaa wetu, watu hukopa hasa kwa ajili ya nini? Ni mikopo gani ya uhai, na ni ipi ya sifa?

2. Someni pamoja 2 Wafalme 4, 1–7. Katika nyumba zetu, tuna mafuta gani ambayo bado hatujayatazama? Majirani wetu wana vyombo gani?

3. Ni desturi gani za harusi, za kilio au za Komunyo ya Kwanza ambazo parokia yetu ingeweza kuzirahisisha, na nani aanze?

4. Kama kikundi chetu kingeanzisha sanduku Jumapili ijayo, nani angeshika funguo, nani angeandika daftari, na nani angekagua? Tusiondoke kabla ya kulijibu swali hili kwa majina.